Kimya cha Mnara: Hoja kuhusu Lugha ya Usimamizi wa Mitandao, kwa Kuiangalia Kaskazini Mashariki

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kushindana juu ya majina ya vitu. Tangu mwanzoni mwa karne hii kumbi za makongamano yetu zimerindima kwa ubishi wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Wa rununu, simutamba na simu ya mkononi. Wa tovuti na wavuti. Ubishi huo haukupotea bure. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, usingaliwezekana pasipo watu waliokubali kuketi na kugombania neno moja baada ya jingine. Hata hivyo, yafaa tujiulize: vitu vilipokuwa vikipewa majina, ni nani aliyezipa majina hali za vitu hivyo? Kifaa hakikai tu mahali pake. Huwa kizima au kigonjwa, huitika au hunyamaza, huanguka chenyewe au huangushwa na kingine. Mtu anayekaa mbali nacho hana njia ya kukijua ila kwa maneno ya hali.

Makala haya yanadai kwamba istilahi za hali ndizo tulizozipuuza zaidi, na kwamba hasara ya kuzipuuza huonekana waziwazi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera kuliko Nairobi. Mtandao ukikatika Nairobi, fundi hupanda matatu. Ukikatika nje ya Dadaab, fundi huanza kwa kuuliza habari za barabara. Kiswahili chetu cha teknolojia hutamka "mtandao umekufa" kwa mambo matatu au manne yaliyo mbalimbali, ilhali mashine zenyewe huyatofautisha, na ilhali Kiswahili cha kila siku kina maneno ya kuyatofautisha.

Tuanze na mashine. Mtandao wowote mkubwa, uwe wa chuo kikuu, wa benki au wa kampuni ya simu, una mamia ya vifaa ambavyo hakuna mtu aliyeketi karibu navyo: ruta, swichi, seva, mitambo ya redio juu ya minara, betri na jenereta chini yake. Mwaka 1988 Jeffrey Case, Mark Fedor, Martin Schoffstall na James Davin waliandika itifaki ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita Itifaki Sahili ya Usimamizi wa Mitandao, nayo hujulikana kote kwa herufi zake za Kiingereza, SNMP. Mwaka 1990 ilipata umbo lililoenea ulimwenguni. Neno sahili halikuwekwa kwa kupamba. Toleo la kwanza lilikuwa na aina 5 tu za ujumbe: msimamizi huuliza thamani fulani, huuliza ile inayoifuata, huagiza thamani ibadilishwe, kifaa hujibu, na kifaa hutoa habari bila ya kuulizwa. Basi. Usimamizi wa mitandao ya mabara mazima uliegemezwa juu ya vitenzi hivyo vitano.

Ndani ya kila kifaa hukaa programu ndogo inayotunza kile ninachopenda kukiita daftari la hali. Daftari hilo limepangwa mfano wa mti, na kila tawi lina namba yake, hata swali "je, mlango wa tatu wa swichi hii unafanya kazi?" huulizwa kwa mfuatano huu: 1.3.6.1.2.1.2.2.1.8.3. Jibu nalo huja kwa namba. Likija 1, mlango unafanya kazi. Likija 2, umezimika. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kupenya katika nyanja hii wangefaa kuutazama mfuatano huo kwa makini. Hata Kiingereza hakimo! Mashine zinabadilishana namba, na kila lugha huja baadaye kuzifasiri kwa wale wanaoitumia. Kiingereza kilitangulia kwa kuwa wahandisi wake walitangulia, wala hakuna sababu nyingine.

Programu hiyo ndogo Kiingereza huiita "agent". Mtafsiri mwenye haraka ataandika wakala, na nchini Kenya atakuwa ameharibu, kwa kuwa tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wakala amekuwa mtu wa dukani anayetoa na kupokea fedha. Mimi napendekeza mjumbe. Watanzania wanamjua mjumbe wa nyumba kumi, na Wakenya waliletewa mpango wa jina hilo hilo la Nyumba Kumi mwaka 2013. Mjumbe wa namna hiyo anaijua hali ya nyumba zake. Akiulizwa na mkubwa wake hujibu. Likizuka jambo hupeleka habari mwenyewe. Hayo ndiyo mambo mawili hasa yanayofanywa na programu hii. Tena tuna msemo wa wahenga kwamba mjumbe hauawi, nao tutakuja kuuhitaji.

Njia ya kwanza ya kujua hali ni kuuliza. Msimamizi, ambaye naye ni programu iliyo katika kituo cha mbali, huvizungukia vifaa vyake kwa zamu, aghalabu kila baada ya dakika 5, akiuliza swali lile lile. Kitendo hiki Kiingereza hukiita kwa neno ambalo pia ni la kupiga kura, na nimewasikia wanafunzi wakilifasiri hivyo hivyo, "kupiga kura vifaa", tafsiri isiyomfaa mtu yeyote. Kwani sisi hatuna kujuliana hali? Mswahili hawezi kuanza mazungumzo kabla ya kuuliza habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto. Msomali wa Garissa naye huamkia kwa "is ka warran", yaani toa habari zako, na shina la neno hilo, war, ni habari yenyewe. Kwa mfugaji, salamu hiyo haikuwa pambo. Aliyetoka upande wa pili alitarajiwa kueleza malisho yakoje, maji yapo wapi, na njia ina amani au haina. Jamii hiyo ina neno sahan kwa kazi ya kutuma watu watangulie kuchunguza malisho kabla ya kundi kuhama. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa mtandao kila dakika 5: anajulia hali. Istilahi ninayoipendekeza, basi, ni kujulia hali, na zamu yake iitwe zamu ya kujulia hali.

Njia ya pili ni ya kifaa kusema kabla ya kuulizwa. Toleo la kwanza la itifaki liliorodhesha matukio 6 ya kawaida: kifaa kimewashwa upya baada ya kuzimwa, kimejianzisha upya kikiwa moto, kiungo kimekatika, kiungo kimerudi, mtu amebisha hodi kwa neno la siri lisilo sahihi, na ruta jirani imepotea. Nje ya hayo ukaachwa mlango wazi ili kila mtengenezaji aongeze matukio yake. Kwa mnara ulio nyikani, habari zenye faida kubwa ndizo zinazopitia mlango huo: umeme umekatika, betri imeshuka, dizeli inakaribia kwisha, mlango wa kibanda umefunguliwa.

Ujumbe wa namna hii Kiingereza huuita "trap". Asili yake ni katika kompyuta zenyewe, ambako tukio la ghafla hunaswa na kukabidhiwa sehemu maalumu ya programu. Kwa hiyo mtu akiandika mtego, kamusi haitamlaumu. Lakini istilahi huishi katika masikio ya watu. Mwambie mkazi wa Hulugho au Ijara kwamba mnara umetuma mtego, uone atakavyokutazama. Katika eneo ambalo magari yamelipuliwa kwa mabomu yaliyofukiwa barabarani, mtego ni kitu kinachoua. Neno letu lipo tayari, nalo ni mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; haimuulizi mtu kama yuko tayari kuisikia. Mnara hupiga mbiu. Ruta hupiga mbiu. Sioni kinachokosekana hapo, na nashangaa kwamba lugha yenye neno zuri hivyo inakwenda kuazima mtego.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Njia hizi mbili zinapingana juu ya maana ya kimya. Katika mtandao unaotegemea mbiu peke yake, kimya ni amani: hakuna aliyepiga mbiu, basi hakuna jambo. Katika mtandao unaotegemea kujulia hali, kimya ni tanzia, au angalau ni shaka ya tanzia: nimeuliza, sikujibiwa. Kimya kile kile cha dakika tano kinasomwa kinyume na kinyume. Wahandisi waliligundua jambo hili mapema, kwa sababu kiungo pekee cha kifaa kikikatika, mbiu ya kukatika kwake haina njia ya kupita. Maiti hajitangazii tanzia. Habari huletwa na jirani, yaani kifaa cha upande wa pili ambacho bado kina njia. Kwa hiyo mitandao mingi hutumia njia zote mbili pamoja: mbiu kwa ajili ya wepesi, na kujulia hali kwa ajili ya uhakika.

Mawasiliano ya sehemu kubwa ya Kaskazini Mashariki yalijengwa kwa minara kurushiana mawimbi ya redio, mmoja hadi mwingine, na kwingineko kwa setilaiti. Mnara wa mbali huutegemea ule wa kati. Ni kama msafara wa ngamia waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine: wa katikati akiketi, wote walio nyuma yake husimama, nao hawana ugonjwa wowote. Msimamizi aliye Nairobi akijulia hali wakati huo hatajibiwa na mnara hata mmoja kati ya hiyo iliyo nyuma, na kioo chake kitajaa alama nyekundu. Je, imekufa yote?

Programu ya Nagios, iliyoanzishwa na Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint na kubadilishwa jina mwaka 2002, ililijibu swali hilo kwa njia ambayo sisi watu wa lugha tungepaswa kuionea wivu. Mwenye mtandao huieleza tangu mwanzo ni kifaa gani kiko nyuma ya kipi. Kisha, kimya kinapotokea, programu hutenga hali mbili: kilichozimika, na kile kisichofikika kwa sababu kilichoko mbele yake kimezimika. Aidha, haitangazi tanzia kwa jibu moja lililokosekana. Huuliza tena mara kadhaa kwanza, na kabla ya idadi hiyo kutimia huihesabu habari kuwa laini, haijawa ngumu. Ni adabu ya mtu aliyebisha hodi mara tatu kabla ya kwenda kuwaambia majirani kwamba mwenye nyumba hayupo duniani.

Tofauti ya kuzimika na kutofikika yaweza kuonekana kuwa ya kitaaluma mno mpaka itakapokumbukwa ni nani anayetumwa kwenda kutazama. Tarehe 7 Januari 2020 wapiganaji wa al-Shabaab walishambulia Saretho, karibu na Dadaab, wakiulenga mnara wa mawasiliano. Raia 4 waliuawa, watoto wakiwa miongoni mwao. Siku chache baadaye, tarehe 13 mwezi huo huo, walimu 3 waliuawa Kamuthe, na mnara wa hapo ukaharibiwa. Minara mingine ya Garissa, Wajir na Mandera imeshambuliwa kabla na baada ya hapo. Waliofanya hivyo wanaielewa itifaki kuliko wengi wetu: wanajua kwamba mjumbe akiuawa, mbiu haitapigwa, na kijiji kitakuwa kimya kwa muda wanaouhitaji.

Katika mazingira hayo, neno la hali ni amri. "Mnara umezimika" humpeleka fundi, pengine pamoja na askari wa kumlinda, hadi kwenye mnara huo. "Mnara haufikiki" humwambia asiende bado, autazame kwanza ule ulio mbele yake. "Mnara ulipiga mbiu ya mlango kufunguliwa, kisha ukanyamaza" humwambia awaite wengine kabla ya kugusa ufunguo wa gari. Na "mnara ulipiga mbiu ya dizeli tangu juzi, kisha ukanyamaza" humwambia abebe mapipa. Sentensi hizi nne zote zinatamkika kwa Kiswahili kilichonyooka, hazihitaji hata neno moja la kubuniwa maabarani. Lakini ukisikiliza redio, ukasoma magazeti, ukawasikiliza maafisa wakizungumza na wananchi, zote nne hugeuka kuwa moja: mtandao umekufa, au ile ya vijana, network imelala.

Dizeli naitaja kwa sababu. Wajir na Mandera kwa miaka mingi zilipata umeme wa jenereta zao zenyewe, nje ya gridi ya taifa, na minara ya mbali hujitegemea kwa jenereta au kwa paneli za jua. Mvua za Novemba 2023 zilipofurisha Mto Tana, barabara ya Nairobi kwenda Garissa ilifunikwa na maji upande wa Madogo, na watu wakavushwa kwa boti. Lori la mafuta halivuki kwa boti. Mnara unaolitegemea lori la namna hiyo huweza kupiga mbiu ya upungufu siku kadhaa kabla ya kuzimika, na ukizimika, kuzimika kwake si ajali wala shambulio. Ni habari iliyotolewa mapema. Swali linalobaki ni kama kulikuwa na mtu upande wa pili aliyeipokea.

Toleo la kwanza la itifaki halikulijali swali hilo. Mbiu yake hutumwa mara moja, bila hati ya kupokelewa. Ikipotea njiani, aliyeipiga hajui na aliyekusudiwa hajui. Toleo la pili, la mwaka 1993, liliongeza mbiu ya aina nyingine ambayo mpokeaji hulazimika kuijibu, na asipoijibu hupigwa tena. Hii napendekeza tuiite mbiu ya kuitikiwa. Kuitika ni neno lenye uzito kwetu. Anayeitwa na asiitike amevunja adabu hata kama amesikia, na anayeitika bila ya kufika amevunja adabu nyingine. Itifaki, kwa bahati mbaya, inaishia kwenye ile ya kwanza. Inaweza kuhakikisha kwamba mbiu imesikika, haiwezi kuhakikisha kwamba mtu ameinuka.

Kaskazini Mashariki inalijua jambo hilo nje ya mitandao ya kompyuta. Mtandao wa FEWS NET, ambao kazi yake ni kupiga mbiu za njaa, ulianza kuonya kuhusu ukame wa Pembe ya Afrika mnamo Agosti 2010. Mvua za Oktoba hadi Desemba mwaka huo zikakosekana. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011, na mwaka huo kambi za Dadaab zikawa na wakimbizi zaidi ya 400,000. Kati ya mbiu ya kwanza na tangazo hilo ilipita miezi 11. Januari 2012 mashirika ya Oxfam na Save the Children yalichapisha ripoti yakieleza jinsi ucheleweshaji huo ulivyogharimu maisha. Mbiu ilipigwa; waliokusudiwa waliisikia; hawakuinuka. Kenya iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame mwishoni mwa mwaka huo wa 2011, nayo imetoa taarifa za kila mwezi kwa kaunti zenye ukame, ikiainisha hali kwa awamu 5: ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, ya dharura na ya kujikwamua. Angalia, ndugu msomaji, kwamba waliosimamia mbuzi na visima waliona umuhimu wa kuwa na maneno matano ya hali. Kwa minara tunajifanya tunatosheka na mawili.

Nayatarajia mapingamizi. La kwanza litatoka kwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, watakaosema kwamba mafundi husoma kwa Kiingereza, programu zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mbiu na mjumbe ni michezo ya watu wa isimu. Nakubali kwamba fundi akizungumza na fundi mwenzake hahitaji msaada wetu. Lakini habari ya mnara haiishii kwa fundi. Inakwenda kwa chifu, kwa mwalimu mkuu anayesubiri kutuma alama za watahiniwa, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mwenye duka ambaye fedha zake zote zimo katika simu. Hao huelezwa kwa Kiswahili au kwa Kisomali, na wanastahili kuelezwa kwa usahihi ule ule aliopewa msimamizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi wa lugha isiyoweza kutofautisha kuzimika na kutofikika ni urasmi wa bendera.

Pingamizi la pili litatoka kwa wenzangu wa idara za Kiswahili, nalo ni kinyume cha lile. Watasema kwamba maneno haya ni ya kawaida mno, hayana sura ya kisayansi, na kwamba istilahi bora ingeundwa kwa kuunganisha mizizi miwili mitatu hadi isitambulikane. Sina subira na hoja hii. Tumekwisha kuwa na maneno ya kutosha yanayoishi katika karatasi za mitihani pekee. Jirani yetu Kisomali, kilichopata mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini mwaka 1972, kiliita setilaiti dayax-gacmeed, yaani mwezi uliofanywa kwa mkono, na mchungaji asiyejua kusoma akatambua mara moja ni kitu gani kinachotajwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopewa hati yake mwaka 2017, wana bahati ambayo sisi wa kwingineko hatuna. Wanaishi pale ambapo Kiswahili, Kisomali na Kipokomo hukutana sokoni kila siku, na pale ambapo hali ya mnara ni mazungumzo ya kweli. Istilahi hizi zingefaa kuanzia kwao, zikapimwe na wazee wa Madogo na wafanyabiashara wa Garissa mjini, kabla ya kufika kwenye kongamano lolote.

Nimalizie kwa kazi yenyewe, kwa kuwa hoja isiyo na kazi haimsaidii mwanaistilahi. Mwaka 1991 daftari la hali la vifaa lilitambua hali 3 tu za kiungo: kinafanya kazi, kimezimika, kinajaribiwa. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1990 wahandisi walikuwa wameziongeza hadi 7, kwa sababu uzoefu uliwafundisha kwamba tatu ziliwafanya waseme uongo. Ya nne ni haijulikani, na neno hilo latosha. Ya tano ni ya kiungo kilicho tayari lakini kinachongoja jambo litokee ndipo kiamke. Naona kimesinzia inafaa. Ya sita ni ya kifaa ambacho sehemu yake imeondolewa, nayo ni hakipo. Kuna pia tabia isiyo katika orodha hiyo lakini inayojulikana na kila msimamizi, ya kiungo kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, hata mbiu zikawa nyingi kiasi cha kutosikilizwa. Hiyo naiita kupepesuka.

Ya saba imenisumbua zaidi. Ni hali ya kiungo ambacho chenyewe hakina kasoro, ila kimeshindwa kufanya kazi kwa sababu kile kilichoko chini yake, ambacho kimejengwa juu yake, kimeanguka. Haifai kusema kimezimika, kwani ukikitengeneza hutakuta cha kutengeneza. Haifai kusema hakifikiki, kwani chaweza kuulizwa na kikajibu. Nimejaribu kimeangushwa, lakini neno hilo linadokeza adui. Nimejaribu kimekosa egemeo, na kwa sasa ndilo ninaloliandika, ingawa ni refu kwa kioo kidogo cha simu ya fundi. Mwenye neno fupi zaidi, la Lamu, la Hola au la Garissa, na alilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.